Sharubati ya Sinema

Mke wangu alikuwa na jicho moja tu la kutegemea, na hilo ndilo lililofanyiwa upasuaji Riyadh. Binti yetu, ambaye ni muuguzi Jeddah, akaturudisha kwake mtaa wa Safa, mama yake kafungwa bandeji, nasi hatujui kama ikifunguliwa ataona. Mke wangu hakulitaja hilo. Alisema tu, "Maalim, washa kitu kizungumze."

Nikawasha televisheni. Kulikuwa na stesheni ya sinema kongwe za Kimarekani, zisizo na rangi, za wakati picha zilipoanza kutoa sauti, na kila mtu anasema mbiombio kama anayeogopa kunyang'anywa sauti hiyo. Nimesomesha dini na Kiingereza maisha yangu yote. Yeye Kiingereza hakijui. Kazi ya kusimulia ikawa yangu.

Mastaa hakuwajali. Alimpenda mzee mmoja mwenye sauti ya kukwaruza, ambaye hakosekani katika sinema yoyote, leo mtumishi, kesho karani wa hoteli.

"Leo yumo?"

"Yumo. Bawabu."

"Alhamdulillah, kapata kazi. Jana si alifukuzwa?"

Tatizo lilikuwa usimulizi wangu. Mwanamume na mwanamke wakisogeleana, mimi nainamisha macho, na aliyeinamisha macho hana la kusimulia.

"Mbona muziki umelainika nawe umenyamaza?"

"Wanaagana."

"Wanaagana tangu nilipoanza tasbihi!"

Pombe nayo niliiita sharubati. Niliona ni adabu, mpaka alasiri moja, katika sinema ya karamu ya matajiri, wageni walipoanza kucheka ovyo, kisha mwenye nyumba akaanguka kishindo.

"Kunani?"

"Bwana kaanguka."

"Kala nini?"

"Hajala. Kanywa sharubati tu."

"Kamimina nani?"

"Yule mzee wako."

Akaweka tasbihi chini. "Basi katia sumu. Nami namwombea kazi kila siku, kumbe namwombea muuaji!"

Tangu hapo, kila akiisikia sauti ile, alisema, "Zima. Simtaki." Mtu wa watu, aliyekwisha kufa zamani, kapewa kesi ya mauaji sebuleni kwetu kwa ajili ya ulimi wangu.

"Baba, mwambie kweli," binti yangu akasema jikoni, kajishika mbavu kwa kicheko.

"Nitamwambia." Lakini nilijua akishapata la sharubati, atauliza na la kuagana.

Siku ya kufungua bandeji, binti yetu alivuta mapazia, akanawa mikono, akaibandua taratibu. Kwa wasiwasi nilikuwa nimesahau kuzima televisheni. Mke wangu akapepesa jicho, likatoka machozi. Nikasoma dua zote nilizohifadhi, na nyingine nikazisoma mara mbili.

Hakututazama sisi. Sauti ya kukwaruza ilimvuta kwenye televisheni. Hapo alisimama kijizee kifupi chenye upara, suruali imepanda kifuani. Alimimina glasi ya bwana wake, akapiga funda kwenye chupa kwa siri, akapepesuka, akauomba radhi mlango alioupiga kumbo.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye."

Akamfuata kwa jicho mpaka akapiga funda la pili.

"Maalim," akasema, "ile si sharubati."

Nikaporomoka papo hapo juu ya zulia, nikasujudu sijda ya shukra. Binti yetu akawa analia na kucheka pamoja. Nami kipaji changu cha uso kingali chini, nikasikia nyuma yangu:

"Inuka, Maalim, inuka. Na hao wawili waliogandana pale kwenye televisheni, ndio wanaagana?"