Kuagwa kwa Tavion, Mara ya Tatu

Kila Machi, hapa Harlan Fork, Indiana, wachezaji wa mwaka wa mwisho wa timu ya chuo ya mpira wa kikapu huagwa kabla ya mechi ya mwisho ya nyumbani. Kijana hutembea na mama yake hadi katikati ya uwanja, hupewa maua na jezi yake ndani ya fremu, watu elfu tisa hulia, naye huondoka akaanze maisha. Ndivyo ilivyokuwa zamani, watu walipokuwa bado wanaondoka.

Verna Kessinger amefua jezi hizo miaka ishirini na saba, na fremu huzitengeneza mwenyewe gerejini kwake. Alimwahidi dada yake Lois, aliyeko Florida, kwamba akishamuaga Tavion Pruitt atastaafu na kuhamia kwake. Lois akapaka chumba rangi. Hiyo ni miaka miwili iliyopita; tangu hapo Tavion ameagwa mara mbili, na mara mbili amerudi.

Tavion anacheza vizuri, ila si vizuri kiasi hicho. Wajuzi wanasema ligi kuu ya kulipwa haitamtaka. Ataangukia ligi ya chini, ya safari za basi na mshahara wa dola elfu arobaini na tano kwa mwaka. Sisi mashabiki wa chuo, watu wenye kiasi, tunamlipa dola milioni mbili kwa mwaka ili abaki asome. Yuko pia kwenye bango la duka la matrekta, juu ya trekta asilojua kuliwasha.

Alhamisi alimkuta Verna chumba cha kufulia.

"Mama Verna, fremu yangu tayari?"

"Ya kwanza umeitundika wapi?"

"Kwa mama, sebuleni."

"Ya pili?"

"Kwa mama. Chooni."

"Basi hii ya tatu mpeni mbwa." Verna akafunga mlango wa mashine. "Mwanangu, sema kweli. Unaondoka au huondoki? Dada yangu ananisubiri."

"Kule kwa wanaolipwa hakuna hela, Mama Verna. Lakini safari hii naondoka. Sheria imenibana, miaka ya kuchezea chuo imeniishia."

"Maskini. Umefukuzwa utajirini."

Jumamosi tukalia vizuri sana. Mazoezi tulikuwa nayo. Kisha Tavion akashika kipaza sauti. Wakili wake amegundua kuwa mwaka ule alioteguka kifundo cha mguu hauhesabiwi. "Narudi!" Watu elfu tisa wakafuta machozi ya huzuni, wakaanza ya furaha. Mama yake hakushtuka. "Ningejua ningekuja na maua yaleyale ya mwaka jana," alisema.

Verna alikuwa amesimama pembeni na fremu. Miaka yote hiyo hakuwahi kukanyaga uwanja wakati wa sherehe. Akaingia mpaka katikati, akampa Tavion fremu, akayachukua maua mikononi mwa kijana.

"Haya ni ya anayeondoka."

"Mama Verna, unaenda wapi?"

"Florida."

"Sasa jezi atafua nani?"

"Una milioni mbili, baba. Nunua sabuni."

Akatoka na maua yake kwa mlango wa wachezaji. Tukampigia makofi, tukidhani ni sehemu ya sherehe.

Jumatatu wachezaji walifua wenyewe, na jezi nyeupe zilitoka kwenye mashine zikiwa na rangi ya waridi. Tavion akapiga picha na yake, na kufikia Ijumaa alikuwa kwenye bango la pili: la sabuni.