Mbaazi Zilizokufa Desemba

Mimi ni mtu wa kuchokonoa. Kitu kikifungwa mbele yangu mikono inawasha mpaka nijue ndani kuna nini. Kwa hivyo fikiria nilivyochangamka, mwanzoni mwa miaka ya tisini, flopi moja kutoka ng'ambo ilipofika kwenye stesheni yetu ya utafiti wa kilimo, nje kidogo ya Kathonzweni. Ilibeba programu ya kukadiria mavuno. Unaipa mvua, udongo na tarehe ya kupanda, nayo inakuambia utavuna nini. Ajabu yenyewe ni kwamba walioitunga waliiacha wazi, kila mstari unasomeka, na wakatoa ruhusa: nakili, soma, badilisha, ukiona kasoro tuambie.

"Kwani hawa watu hawaogopi kuibiwa?" nilimuuliza daktari, mkuu wetu, msomi wa mimea.

"Wewe nawe na maswali! Washa mashini."

Nikawasha. Tulianza na mazao ya masika, ndengu na mahindi, na ikawa inakaribia ukweli hivi kwamba tukaizoea upesi. Nilijiambia nitaisoma nikipata nafasi, lakini jenereta ilizimwa alasiri, na kazi haikuisha.

Sasa, kule Ikutha kulikuwa na mama mmoja, mjane, aliyetupa nusu ya shamba lake tujaribu mbegu mpya ya mbaazi. Tulikubaliana mavuno yote ni yake. Hayo ndiyo yangemlisha yeye na wajukuu miezi ile ya njaa, wakati isyo, ule mseto wetu wa mahindi na mbaazi, inapikwa mahindi matupu bila hata punje ya mbaazi ya kuongeza ladha. Alipanda Oktoba, vuli ilipoanza. Mwezi wa tano daktari akaamua kuuliza kompyuta kama mbegu hiyo inafaa kuendelea. Nikaingiza mvua ya Ikutha ya miaka mingi. Ikajibu sufuri. Mwaka hadi mwaka, sufuri.

"Basi hakuna haja," daktari akasema, akasikitika kweli. Akamtuma afisa wa nyanjani amwambie mama ang'oe, atayarishe shamba kwa ndengu za vuli ijayo.

Mimi akili iligoma. Mwaka wa ukame, sufuri, sawa. Lakini ile miaka ambayo mito ilifurika mpaka mbuzi wakabebwa na maji, napo sufuri? Hapana bwana! Nikachapisha programu nzima, karatasi zikatapakaa sakafuni, nikajilaza juu yake na kalamu ya risasi. Wenzangu walinipita wakicheka, ati nimeanza kuombea kompyuta. Siku hizo zilikuwa tamu, nisidanganye. Nilikuwa nasikia mawazo ya watu nisiowahi kuwaona, jinsi wanavyohesabu jua, jinsi wanavyokausha udongo kidogo kidogo. Halafu nikaliona kosa.

Kwa watunzi wale, mwaka wa shamba unaanza Januari na kuisha Desemba. Kwao wanapanda baridi ikiondoka na kuvuna kabla haijarudi. Kwetu Ukambani mbaazi inapandwa vuli, inavuka Krismasi ikiwa bado mbichi, na kuvunwa Agosti. Siku ya mwisho ya Desemba programu ilifunga hesabu, haikuona punje, ikaandika sufuri na kufyeka shamba. Mvua iwe nzuri iwe mbaya, mbaazi yetu iliuawa watu wakiwa kanisani wanakesha kungoja mwaka mpya! Nilicheka peke yangu mpaka machozi.

Nikabadilisha mistari michache, mwaka ukaanza Oktoba. Mbaazi zikafufuka, hata miaka ya mvua haba kukawa na kitu cha kuvuna. Nilikimbia kwa daktari na karatasi mkononi. Aliisoma mara moja, akashika kichwa.

"Aiya! Twende Ikutha. Sasa hivi!"

Tulifika kupitia Kibwezi, tumejaa vumbi. Mama alikuwa jikoni. Kando ya mlango kulikuwa na rundo la kuni mpya, nyembamba, ndefu. Nilikaribia. Yalikuwa mashina ya mbaazi, na maua yake ya njano yamekaukia juu.

Daktari akaomba msamaha. Nami nikaeleza yote, mwaka wa kwao na mwaka wetu, na jinsi nilivyoirekebisha. Mama alisikiliza akipangusa mikono kwenye leso. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitesa.

"Niliona zinatoa maua," akasema. "Lakini mlisema kompyuta imeona zaidi. Sasa niambie, mwiitu wakwa, binti yangu. Hao wazungu walikuwa wameficha hiyo Desemba yao?"

"Hapana, mama. Iko wazi. Mtu yeyote anaweza kuisoma."

"Na kabla sijaambiwa ning'oe, nani aliisoma?"

"Hakuna, mama," nikasema.