Fomu Niliyokataa Kutia Sahihi

Mwanangu, iko siku moja ya soko pale Koboko ambayo sijaweza kuisahau. Tulikuwa tumerudi kutoka Zaire, tulikokimbilia mwaka wa 1979 kwa sababu baba alikuwa fundi wa redio katika jeshi la serikali iliyopinduliwa. Baba alifia huko. Mimi, niliyefika sekondari, nikawa mkubwa wa nyumba. Ufundi wake, lakini, alimwachia mdogo wangu Zubeda.

Siku hiyo redio ya muuza nguo ilizimika. Nikaifungua mbele ya watu, nikazigeuza nyaya hadi jasho likanitoka. Zubeda akatua kapu la mihogo, akapasha msumari kwenye makaa ya mchoma nyama, akagusa mahali pamoja tu, pale waya ulipoachia. Muziki ukalia.

"Musa! Sekondari yako iko ya nini?" mwenye redio akapiga kelele. "Dada yako iko fundi, wewe iko mubeba kapu!"

Soko likacheka. Nikacheka nao, mdomo tu.

Mwezi haukuisha, mwalimu mmoja akaja kutoka Arua kumtafuta Zubeda. Shule ya ufundi ilikuwa na nafasi ya msichana katika darasa la umeme, na fomu ilitaka sahihi ya mkubwa wa nyumba. Nikakataa. Nilisema mtoto wa mwanajeshi akionekana na nyaya ataitwa mwasi. Watu waliamini, maana hofu hiyo tuliijua sote. Lakini haikuwa hofu, mwanangu. Ulikuwa wivu. Kikulacho ki nguoni mwako; nguoni mwa Zubeda nilikuwa mimi.

Shangazi alinifuata hadi mlangoni. "Wewe naogopa serikali, ama naogopa huyu mutoto?"

Mwalimu akaondoka na fomu yake. Zubeda akaendelea kutwanga, hakulia mbele yangu. Mwaka uliofuata akaolewa Vurra.

Nilimtembelea baada ya miaka mingi. Jenereta ya duka la mumewe ilikuwa imekufa, wakimngoja fundi kutoka Arua. Nikamwambia aijaribu yeye, nikidhani nitapata msamaha wa bei nafuu. Akaitazama mikono yake.

"Vile vitu vilishatoka kichwani, kaka. Kunywa chai, itapoa."

Wahenga husema majuto ni mjukuu. Wangu ninamlea hadi leo.

Kwa hiyo nakuomba: bintiyo au dada yako akipenda nyaya, mashine au hizi kompyuta, mwache akae mbele darasani. Fomu ikija, tia sahihi siku ileile. Kuzidiwa na mtu wa damu yako si aibu. Aibu ni kumzuia. Nawe binti, wakikucheka sokoni, malizia kwanza kazi iliyo mkononi, na ukikataliwa nyumbani, mtafute shangazi, mtafute mwalimu, usitwange kimya.

Mungu aibariki mikono yako, na akujalie mkubwa wa nyumba mwenye moyo mpana kuliko wangu.