Mlinzi aliandika "naendelea", mimi nikaandika ametoka: nilivyopunguza saa za kazi za watu kwa Excel

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Nimekuwa msomaji tu humu kwa muda mrefu. Leo naandika kwa sababu nina jambo ambalo siwezi kumwambia mtu yeyote ofisini. Majina nimebadilisha. Mengine yote ni kama yalivyotokea, hata pale ninapoonekana mjinga.

Nina shahada ya takwimu. Baada ya kuhitimu hapa Dodoma nilikaa mtaani karibu miaka miwili, kisha nikapata contract ya miezi sita kwenye ofisi ndogo ya ushauri, maeneo ya Kikuyu. Mimi ni mtu wa kuwaza sana. Nikituma email naisoma tena mara kumi baada ya kuituma, wakati haisaidii kitu.

Kazi ilikuwa hii: kampuni moja ya ulinzi ilitaka ripoti ya mwenendo wa jumla ya saa za kazi za walinzi wake tangu ilipoanza. Wakaleta madaftari ya mahudhurio kwenye maboksi. Mimi niyaingize kwenye Excel, nijumlishe saa za kila mwaka, nichore graph.

Daftari lina safu nne: namba ya mlinzi, saa ya kuingia, saa ya kutoka, sahihi. Mtu anaingia saa 12 asubuhi, anatoka saa 12 jioni mwenzake akifika.

Ila mwenzako asipofika, huruhusiwi kuacha lindo. Kwenye safu ya kutoka unaandika neno moja, "naendelea", na unabaki hadi atakapotokea mtu.

Kwenye madaftari ya zamani neno hilo ni la nadra. Kadiri miaka inavyosogea linaongezeka. Kuna kurasa za karibuni ambazo safu nzima ni naendelea, naendelea, naendelea, kwa mwandiko mmoja.

Excel haijui kujumlisha neno. Nikajaribu kuhesabu kwa mkono, nikakuta mlinzi mmoja amefikisha saa 132 ndani ya wiki moja. Wiki nzima ina saa 168. Nikasema haiwezekani, huyu kakosea kuandika.

Nikamfuata msimamizi wangu, Dada Neema. Nikapendekeza kila "naendelea" ihesabiwe kwamba mtu alitoka saa 12 jioni kama kawaida. Wazo lilikuwa langu, wakuu, sikutumwa.

"Una uhakika?" akaniuliza.

"Kitakwimu inakubalika, dada."

"Haya. Ndiyo maana tukachukua msomi."

Graph ilitoka safi. Mstari ulishuka mwaka hadi mwaka. Meneja wa kampuni alipouona akacheka: "Kumbe watu wangu siku hizi wanapumzika, na bado wananililia!"

Excel yangu ikawa kumbukumbu rasmi. Madaftari yakachomwa moto. Fomu ya kuyachoma nilisaini mimi.

Ila kwa woga wangu, kila ukurasa ulionitia shaka nilikuwa nimeupiga picha kwa simu.

Sasa niwapeleke nyumbani kidogo. Nimepanga chumba Nkuhungu. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni Mzee Jumanne, Mrangi wa Kolo kule Kondoa, mlinzi. Kwa miezi niliamini ananichukia. Namwamkia shikamoo, anaitika marahaba bila kusimama, anaingia ndani, kimya. Nikapunguza sauti ya redio. Nikaanza kufagia hadi upande wake. Haikusaidia.

Jumatatu moja jioni akagonga mlango wangu, mara ya kwanza kabisa.

"Msomi, nasikia vitabu vyetu vililetwa ofisini kwenu."

"Ndiyo mzee."

"Kabla vitabu havijachukuliwa, pampu ya maji iliibiwa pale ghalani mchana, nikiwa nimelala kwenye kiti. Kulala nililala, sikatai. Lakini wanasema usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nyumbani nimepumzika, kompyuta imeonyesha. Mimi nilikuwa siku ya tano sijatoka lindoni! Niliandika kwa mkono wangu. Alhamisi wananiweka kikao cha nidhamu."

Nikamuuliza namba yake. Akaitaja.

Ilikuwa ile ya saa 132.

Picha ilikuwa kwenye simu, na simu ilikuwa mfukoni. Nikamjibu, "Ngoja nikaangalie, mzee."

Contract yangu inakataza kutoa nyaraka za mteja. Ilikuwa imebaki wiki tatu iishe. Nikawaza nitafukuzwa, nitashtakiwa, nitarudi mtaani. Siku ya Jumanne niliandika ujumbe, nikafuta. Jumatano nikaandika tena, nikabadilisha maneno, nikafuta.

Alhamisi kikao kilikuwa saa nne asubuhi. Picha niliituma kwa HR wa kampuni saa tano na nusu.

Jibu lilikuwa fupi: "Shauri limefungwa. Mhusika amekiri kulala, ameachishwa kazi."

Kesho yake nilimkuta mzee anafunga godoro kwa kamba, anarudi Kolo. Nikamwambia nimetuma picha ya ukurasa wake, ila nimechelewa.

"Ulikuwa nayo siku ile nilipokuja?"

"Nilikuwa nayo, mzee."

Alikaza kamba kwanza. Kisha akasema, "Mimi nilijua hujaiona."

Heri angenitukana.

Ofisini Dada Neema aliniita pembeni. "Umenipa kazi ya kukuombea msamaha. Futa hiyo picha, na mimi sijaiona. Nimeshakuombea contract ya mwaka."

Picha sijafuta. Contract nimesaini. Yote mawili nimeyafanya siku moja.

Nikachora graph upya, kwa makadirio ya kurasa nilizonazo, safari hii nikihesabu kila "naendelea" hadi mtu alipopokelewa. Ule mteremko wote ukapotea. Walinzi walipungua, saa hazikupungua. Wachache waliobaki ndio waliozibeba.

Nimeambiwa mtu aliyeachishwa kazi ana siku thelathini kupeleka malalamiko yake. Leo ni ya kumi na tisa. Jana nikapiga simu Kolo, akapokea mkewe.

"Amelala, mwanangu. Tangu arudi, mchana ni kulala tu. Jua likizama anaamka, anavaa lile koti lake, anakwenda kusimama pale nje hadi asubuhi. Namwambia njoo ndani, anasema mwenzake hajafika."

Akaongeza, "Na hapa kwetu hata geti hatuna."

Wakuu, nilichojifunza ni kimoja. Ukikutana na namba usiyoweza kuiamini, kabla hujaisahihisha mtafute mwenye nayo. Mimi wangu alikuwa ukuta wa pili, na nilichowaza miezi yote ile ni kama ananipenda au hanipendi.

Jumamosi napanda basi la Kondoa nikiwa na ukurasa ule umechapishwa, na ushahidi nitautoa kwa jina langu. Contract na iende. Kama humu kuna anayejua masuala ya kazi, naomba anijibu mapema: mtu akiwa katika hali kama ya mzee huyu, mkewe anaweza kusaini fomu ya malalamiko kwa niaba yake?

Matusi pia nitayasoma. Zimebaki siku kumi na moja.