Paka wa Mama Sebuleni Kwangu

Nyumba yangu ya Bariadi ilikuwa na siling bodi vyumba vyote, sebule pamoja. Naanza na hilo kwa sababu watu wa siku hizi wanaona siling bodi ni kitu cha kawaida. Mwaka niliojenga mimi, ilibidi nimlete fundi kutoka Mwanza, na watu walikuwa wanaingia dukani bila shida yoyote ya kununua, wanachungulia tu juu, wanatoka.

Duka lilikuwa mbele, sisi tuliishi nyuma, na mlango mmoja tu ukitenganisha kaunta na sebule. Nilikuwa nimerudi kutoka Dar es Salaam na diploma yangu ya afya ya mifugo, baada ya shirika la umma nililofanyia kazi kuanza kuuzwa vipande vipande. Wenzangu walibaki kule wakisubiri waambiwe la kufanya. Mimi sikusubiri. Niliona serikali imejitoa kwenye majosho, dawa ya kupe haipatikani tena kwa bwana mifugo wa kata, na sasa mtu yeyote mwenye leseni anaruhusiwa kuuza. Nikakata leseni. Kabla mwaka haujaisha wafugaji walikuwa wananiita daktari, na mimi sikuwasahihisha.

Kwa mtu aliyemaliza shule ya msingi kwa kwenda peku, hayo si madogo. Kitu kimoja tu kilininyima raha. Mama yangu alikuwa bado anaishi peke yake kijijini kwetu Kasoli.

Baba alikuwa ameshafariki, dada zangu wameolewa mbali. Mama alibaki na ng'ombe wanne, kuku, na paka mmoja wa kijivu mwenye sikio lililokatika ncha. Msimu wa pamba ulipoanza mwaka ule, aliteleza kisimani akiwa na ndoo, akaumia nyonga. Alikaa pale chini tangu asubuhi mpaka jua likawa la utosi, ndipo jirani mmoja alipopitisha ng'ombe wake akamkuta. Yeye alipona. Mimi sikupona. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameingia na mizani zao, pikapu zikawa zinakwenda na kurudi Kasoli kutwa nzima, na kila pikapu iliyosimama mbele ya duka langu ilinishtua moyo: wameniletea habari gani?

Nilimfuata mara tatu kumwomba ahamie kwangu. Mara ya tatu nilimkuta anakamua, paka kakaa pembeni ya ndoo.

"Mayu, chumba chako kiko tayari," nilimwambia. Mayu ndivyo sisi Wasukuma tunavyowaita mama zetu. "Kitanda cha futi tano, godoro jipya, choo humo humo ndani."

"Choo ndani ya nyumba," alisema bila kugeuka. "Na jiko je?"

"Ndani."

"Kila kitu ndani. Huko nje mmebakiza nini?"

"Mayu, ukianguka tena?"

Alimaliza kukamua, akammiminia paka povu la maziwa kwenye kigae. Kisha akasema, "Mchukue huyu kwanza. Akae kwako mpaka msimu wa pamba uishe. Akitulia, na mimi nitakuja na sanduku langu. Akikaa analialia, mrudishe, na usiniambie tena habari za kuhama."

Nilicheka njia nzima. Mimi chuoni nilimlaza fahali chini kwa kamba moja, wenzangu wote wakitazama. Leo napewa mtihani wa paka! Nilimtia kwenye gunia, nikalizungusha mara tatu ili asikumbuke njia, kama watu wanavyofanya. Sayansi haikuwamo humo, lakini haikudhuru. Nilipofika nilifunga mlango na madirisha, kwa sababu paka aliyehamishwa akiachwa wazi atarudi kwao kwa miguu, na hapo ningemwambia nini mama?

Alianza kulia kabla sijalikunja gunia.

Nimesikia wanyama wakilia maisha yangu yote. Ndama aliyetenganishwa na mama yake namjua, mbuzi mwenye jino bovu namjua. Huyu sikumjua. Alianzia chini kama bawaba isiyo na mafuta, akapanda polepole, akifika juu anakaa huko huko, anakutazama usoni. Ukiingia analia. Ukitoka analia. Mgeni akikaa kwenye sofa, paka anaketi mbele yake na kumlilia mpaka mgeni akumbuke kwamba ana safari. Usiku sitausema, mchana unatosha.

Nilimpima joto. Nilimtazama masikio, meno, ufizi. Nilimpa dawa ya minyoo, siku kumi baadaye nikampa tena. Nilimnunulia dagaa wa Lamadi, wale wakavu wasio na mchanga, na kichwa cha sato kila soko. Alikula vyote. Alikuwa na uwezo, ambao sijauona kwa mnyama mwingine, wa kula na kulia kwa wakati mmoja. Nilimfungulia redio kaseti yangu niliyotoka nayo Dar, nikaongeza sauti. Naye akaongeza.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba dukani kulikuwa kunasikika kila kitu. Nilikuwa namweleza mteja namna ya kuchanganya dawa ya kuogeshea, maelezo ambayo mjini pale hakuna mwingine aliyeweza kuyatoa, na nyuma ya mgongo wangu mlio unapanda. Kulikuwa na mzee mmoja mfugaji, mteja wangu wa kila wiki, mtu wa maneno machache yenye pilipili. Siku moja alikiegemea kibao changu cha nje.

"Daktari, hapa umeandika unatibu wanyama wote?"

"Wote, mzee wangu."

"Na huyo wa ndani yuko kwa daktari gani?"

Duka zima lilicheka. Mwingine akadakia, "Huyo si mgonjwa, huyo anadai mahari yake!" Wakacheka tena, wakanunua, wakaenda kusimulia.

Mke wangu, ambaye ni mwalimu, alikuwa anasahihisha madaftari ya wanafunzi chumbani huku amejifunga kanga masikioni. Wiki ya nne alitoka na kalamu nyekundu mkononi.

"Baba, mimi mama yako namtaka. Aje hata leo. Ila huyu mwakilishi wake simwezi."

"Tukimrudisha, mama haji."

"Basi mnyamazishe. Si una diploma?"

Watu wengi wameniuliza swali hilo maishani, wengi kwa wivu. Yeye aliniuliza kwa uchovu, ndiyo maana liliniingia.

Wiki ya sita, dereva wa pikapu ya pamba alinipa salamu kutoka Kasoli: mama anakuja Alhamisi kujionea mwenyewe.

Sijivunii nilichofanya, na mimi ni mtu mwenye mengi ya kujivunia. Nilikuwa na dawa ya kutuliza wanyama, ninayoitumia kwa mbwa wakali kabla ya kuwashona majeraha. Alhamisi asubuhi nilimpima paka uzito kwenye mizani, nikapiga hesabu vizuri, nikamdunga. Kipimo kilikuwa sahihi, hilo nalisema mpaka leo. Nusu saa baadaye alikuwa amejilaza juu ya mto wa sofa, kimya, mzuri kama paka wa kwenye kalenda. Nyumba ikawa shwari. Nilisikia saa ya ukutani ikigonga, saa ambayo nilikuwa nimesahau kwamba ina sauti.

Mama alishuka mchana na fimbo yake na kibuyu cha maziwa. Mke wangu si wa huku, ni mtu wa Morogoro, lakini alipiga goti kumwamkia kama alivyojifunza. Mama aliitika, akaingia, hakutazama siling, akaenda moja kwa moja kwenye sofa.

"Mwadila," alimwambia paka. Hiyo ndiyo salamu yetu ya mchana, na aliitoa kwa adabu, kama anamsalimu mtu mzima mwenzake.

Paka hakutikisika.

"Mwadila."

"Unaona, Mayu?" nilisema. "Ametulia kabisa. Ameshazoea."

Mama aliweka fimbo chini. Kwa ile nyonga yake, kushuka mpaka sakafuni kulimchukua muda, na mkono niliompa hakuushika. Alimfunua paka jicho kwa dole gumba, vile vile anavyowatazama ndama, akamnusa mdomo, akamwekea kiganja ubavuni.

"Umempa nini?"

"Dawa kidogo tu."

"Anaumwa?"

"Haumwi."

"Dawa ya nini basi?"

Mke wangu alikwenda jikoni. Hakuwa na kitu cha kufanya huko.

"Analia kutwa, Mayu," nikasema. "Wiki sita. Nilitaka umkute amenyamaza."

Mama alinitazama kutoka pale chini. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo baya. "Na mimi nyonga ikiniuma humu ndani mwako, nikalia," alisema, "utanipa ngapi?"

Nimejibu maswali ya wahadhiri, ya maofisa, ya watu wa kodi. Kwa hilo niliokota fimbo yake, nikaiegemeza ukutani.

Ilikuwa arudi na pikapu ya jioni. Ilipokuja ikapiga honi, alimwambia mke wangu akamwambie dereva aende zake, yeye haondoki mpaka paka asimame. Sofa aliikataa. Alikaa kwenye mkeka, paka mapajani, akimlowesha midomo kwa kidole chenye maziwa. Mimi nilizunguka pale na kuwaeleza kwamba ataamka, kwamba hesabu ilikuwa sahihi. Hakuna aliyeniuliza hesabu. Hivyo ndivyo mama alivyolala nyumbani kwangu kwa mara ya kwanza: kwa kosa langu.

Asubuhi nilitoka chumbani kama kawaida yangu, haraka, funguo za duka mkononi. Paka alikuwa amesimama katikati ya sebule, miguu bado ina mashaka. Alifungua mdomo. Ile bawaba ikaanza kupanda.

"Mwangaluka," mama aliitikia kutoka chumbani mwake. Hiyo ni salamu ya asubuhi.

Paka akalia.

"Umeamkaje?"

Akalia tena, mfupi zaidi.

"Na mimi hivyo hivyo. Nyonga tu."

Paka akakaa chini, akaanza kujiramba mguu. Kimya. Nilisimama pale na funguo zangu.

"Ni dawa," nikasema. "Haijamtoka yote."

Mama alitoka ameshika ukuta. "Anaamkia watu. Tangu umlete hapa, nani amemwitikia?"

"Mayu, paka haamkii watu. Hayo nimeyasomea."

"Umeyasomea. Nani amemwitikia?"

Nilitaka kubisha, na hoja nilikuwa nazo. Lakini nikafikiria Kasoli. Tangu baba afe, asubuhi mama akifungua mlango, nani mwingine alikuwa anamwamkia?

"Na nikija hapa," aliendelea, kana kwamba tulikuwa tunawaza jambo moja, "asubuhi ataniamkia nani? Maana wewe umenipita sasa hivi na mafunguo yako. Mlango wangu ulikuwa wazi. Nilikuwa nakutazama."

"Nafungua duka saa kumi na mbili, Mayu. Ndivyo nilivyofika hapa nilipo."

"Sijauliza duka."

Mke wangu alikuwa mlangoni mwa jikoni na birika la chai. Hakunisaidia. Kwa hiyo mimi, mtu mzima, mwenye diploma na siling bodi, nilirudi hatua tatu, nikainama mbele ya mama yangu kwenye sebule yangu mwenyewe, nikamwamkia kwa Kisukuma salamu yote, ile ndefu, ya nyumbani na ng'ombe na mvua na majirani. Miaka ya Dar ilikuwa imenipunguzia maneno, nikakwama mara mbili, akanisahihisha. Duka lilifunguliwa saa moja kasoro siku hiyo. Wateja walikuwa wamejipanga barazani, wanasikiliza.

Msimu wa pamba ulipoisha alikuja, na sanduku, na ng'ombe mmoja ambaye hakuwa kwenye makubaliano yetu. Ng'ombe huyo alifungwa uani, palepale nilipokuwa nimepanga kumwaga zege. Madirisha yalifunguliwa. Paka alitoka, akalikagua geti, akarudi zake, wala hakwenda Kasoli.

Ningependa kusema kwamba alinyamaza. Hakunyamaza. Alilia vile vile, tofauti ni kwamba sasa aliitikiwa, kwa hiyo kelele zilikuwa za watu wawili. Alfajiri paka anatangulia, mama anafuata, ng'ombe anamalizia, na mimi nasubiri zamu yangu ya kuinama ndipo nipate ruhusa ya kwenda kazini. Usingizi wangu wa mchana ulikufa moja kwa moja. Lakini pikapu za Kasoli zilisimama mbele ya duka, na moyo wangu ukabaki mahali pake.

Siku moja mama na mke wangu walikwenda sokoni, nikabaki na duka limejaa. Mlio ukaanza nyuma ya mlango, ukapanda, ukafika juu, ukakaa. Nilijifanya sisikii. Nikapanga chupa. Nikafuta kaunta. Ukazidi. Yule mzee mfugaji alikuwa pale pale, ananitazama tu.

"Mwadila!" niliita kuelekea sebuleni.

Kimya.

"Daktari," mzee alisema taratibu, "hiyo ndiyo tiba yenyewe?"

"Ndiyo hiyo."

"Uliisomea?"

Nilimfungia chupa yake ya dawa ya kupe kwenye gazeti, nikampa. Kabla hajaipokea vizuri paka alianza tena, na mimi nikaitikia tena, kwa sauti kubwa zaidi.