Dakika Ishirini za Usingizi

Asubuhi ile nilitoka nyumbani kwa tajiri wangu kwa miguu, begi begani, bila kujua nashika kulia au kushoto. Dereva anayetembea kwa miguu Doha mwezi wa tano ni kichekesho. Ufunguo wa gari niliuacha juu ya friji.

Dada wa kazi, Mtanga, akauliza, "Unakwenda wapi, kaka?"

"Sijui."

"Basi kunywa chai kwanza. Kutojua kunataka nguvu."

Sikunywa. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa kwa ajili ya mtoto.

Binti wa nyumba ile alikuwa na miaka minane, mwenyeji wa Qatar tangu mababu. Kule joto limewazoesha watu kuishi usiku: kutembeleana, madukani, kisha sinia la wali saa tano, na watoto humohumo. Alfajiri ileile binti anaamshwa nimpeleke shule. Alikuwa akisinzia kabla sijatoka getini, shavu kwenye kioo.

Akaanza kunenepa. Kliniki wakampima, wakampa mama yake karatasi ya vyakula vya kukatazwa. Mimi niliacha shule darasa la sita, lakini siwezi kupita karatasi bila kuisoma. Pale mapokezi niliokota kijitabu, nikakipambanua kwa Kiingereza changu cha kuungaunga: mtoto asiyelala vya kutosha husikia njaa zaidi. Kilikuwa mezani kwao wenyewe! Wala hakuna aliyeuliza mtoto analala saa ngapi. Walimnyang'anya mkate tu. Kila Ijumaa akapandishwa mizani mbele ya shangazi zake, akashuka analia.

Nikaamua langu. Badala ya kwenda shule moja kwa moja, nilizungukia njia ya Lusail, dakika ishirini zaidi, redio kimya, alale. Siku moja tulipofika alifungua jicho moja, akaniambia, "Zunguka tena, ami."

Nikazunguka. Kosa langu nalikubali: aliyesimamishwa nyuma ya darasa kwa kuchelewa ni yeye, si mimi, na hakunishitaki hata mara moja. Shule ndio waliopiga simu.

"Kwa nini unamchelewesha?" mama yake akaniuliza.

"Huwa amelala, madamu. Akilala mapema hata huo mwili utapungua."

"Wewe ni dereva au daktari?"

"Dereva. Ndiyo maana mimi ndiye ninayemwona akilala."

Akasema kuanzia kesho mtoto atapelekwa na dereva wa mjomba wake, mtu mwenye haraka, na mimi nitabaki kuosha magari. Kesho yake ndiyo asubuhi niliyoacha ufunguo.

Nilitembea, nikapanda basi, nikashuka mtaa wa Najma kwa sababu tu nilisikia Kiswahili dirishani. Nikaulizia pa kulala, nikaelekezwa kwenye chumba cha walinzi, nikagonga mlango. Mkenya mmoja akafungua, kidole mdomoni.

"Sauti chini, buda. Wa shifti ya usiku wamelala."

Ndani giza tupu, mablanketi yamepigiliwa madirishani, simu zote zimetumbukizwa kwenye beseni kavu chini ya taulo, zisisikike.

"Kitanda kipo?"

"Kiko. Lakini ukiamsha mtu hapa, unahama siku hiyohiyo."

Hasira ikanipanda upya. Wanaume wanane, chumba kimoja, na sheria hiyo wanayo.

"Nyumba niliyotoka ina vyumba kumi na viwili," nikamnong'oneza, "na hawana sharti hilo."

Akanitazama kama anayemtazama mtu aliyepigwa na jua, akanionyesha kitanda cha juu. Nikavua viatu, nikapanda polepole.