Sahani Iliyorudi Tupu

Nimemkasirikia kaka yangu tangu Agosti, na sina haraka ya kumsamehe. Jamaa wananiambia nimelikuza jambo, sahani ni sahani tu. Wanaosema hivyo ni watu ambao maisha yao yote sahani huoshwa na wengine.

Mji wenyewe ni mdogo, uko kwenye kisiwa cha Ugiriki, saa nne kwa meli kutoka Athens. Kila mwaka joto la Maskati lilipotushinda, mimi na Mama tulifunga nyumba yetu ya Al Khoudh tukaenda huko wiki tatu. Tumekwenda miaka tisa, na nyumba ni ile ile: vyumba viwili vya juu kwa bibi mmoja mjane aliyeishi chini. Ufuo uko mbele ya mlango. Mama alikuwa akikaa kwenye kiti na abaya lake, miguu majini, akilalamika kuwa maji ni ya baridi, na ukimwambia basi twende ndani anakukasirikia.

Yeye na yule bibi hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja. Mama alisema Kiswahili, mwenzake Kigiriki, wakichambua maharage kibarazani, na mazungumzo hayakukatika. Mara nyingine walinong'ona, sijui wakimficha nani. Mama alimwita shoga yangu.

Mwaka wa kwanza, siku ya kuondoka, bibi alimpa Mama tini kavu kwenye sahani ya shimo, nyeupe, yenye ukingo wa buluu uliomeguka mahali pamoja. Sasa, kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Jirani akikuletea futari, sahani yake inarudi na kitu ndani, hata kama ni ndimu mbili. Mama alilelewa hivyo Unguja, akaja nalo Omani, na sisi akatulea vivyo hivyo. Kwa hiyo mwaka wa pili sahani ilirudi Ugiriki na halwa. Kumbe na yule bibi alilelewa hivyo hivyo kwao, maana tulipoondoka alitupandishia sahani juu ikiwa na tini. Ikawa ndiyo desturi. Inakwenda na halwa, inakuja na tini, na ukiniuliza leo ni ya nani sikwambii, sijui.

Mwaka huu daktari alimkataza Mama kupanda ndege kwa sababu ya moyo. Alilia siku nzima, kisha akaniita.

"Nenda wewe," akasema. "Mpelekee shoga yangu sahani yake, asije akadhani nimemsahau. Na halwa iwe ya leo, nnakwambia, si ya juzi."

Kaka yangu, ambaye hajawahi kwenda, akasema haifai nisafiri peke yangu. Nina miaka hamsini na mbili. Ana cheo kazini na amezoea akisema jambo liwe, basi linakuwa, kwa hiyo akafuatana nami.

Asubuhi ya safari nilikwenda Mawaleh kwa mpishi wa halwa ambaye Mama anamwamini, nikaichukua ingali ya moto, imejaa zafarani na lozi. Uwanjani mzigo ukazidi. Kaka alikuwa na masanduku mawili na jozi nne za viatu, kwa safari ya kwenda kutembea peku mchangani. Alichotoa ni halwa. Akampa wifi yangu, yaani mkewe, aliyetusindikiza.

"Tutanunua kitu huko huko," akaniambia.

Nikanyamaza. Watu walikuwa wamepanga foleni nyuma yetu, na mimi naona haya kubishana na kaka yangu mbele za watu. Kunyamaza huko ndiko kunakonichoma mpaka leo. Wifi aliwaandalia wageni ile halwa jioni hiyo hiyo, na aliniambia mwenyewe kwamba waliisifu sana.

Nilikuwa nimepanga kwamba tukifika nitapita dukani kwanza, ninunue biskuti za lozi, niipambe sahani ndipo niitoe. Lakini nikiwa bado nashusha masanduku kwenye teksi, kaka alishaitoa kwenye mkoba wangu akamkabidhi bibi mlangoni, anatabasamu kama aliyeleta zawadi.

Bibi alitazama ndani ya sahani. Akatazama nyuma ya kaka, akanitazama mimi, akatazama kiti cha mbele cha teksi.

"Mama?" akauliza.

Kaka akatikisa kichwa, akimaanisha hakuja.

Bibi akakaa kwenye kizingiti. Akaikumbatia ile sahani, akafanya ishara ya msalaba, akaanza kulia kwa sauti. Majirani wakatoka. Kaka akanigeukia kuniuliza, "Huyu ana nini?" na wallahi nilitaka kumpiga kiatu.

Nilimpigia Mama simu ya video haraka. Mama alipotokea, amejilaza sebuleni kwenye ubaridi wa kiyoyozi, bibi alipiga ukelele, akaibusu simu, akamgombeza, akacheka, akalia tena. Mama naye analia na kucheka. Kisha bibi akainua sahani amuonyeshe kwamba imefika.

Mama akaichungulia. "Mmempelekea tupu?"

"Mama, mzigo ulizidi," kaka akasema.

"Mzigo ni wewe," Mama akamjibu, akakata simu.

Wiki tatu zile sikuzifurahia. Bahari ilikuwa nzuri kama siku zote, na uzuri wake uliniudhi. Kaka alilala chini ya mwavuli na kuniambia nijifunze kupumzika.

Siku ya kuondoka bibi aliijaza sahani tini mpaka zikamwagika, akaifunga kwa kitambaa, mafundo mawili. Mzigo haukuzidi, maana niliipakata mwenyewe kutoka kule hadi Al Khoudh.

Mama aliifungua akala tini moja polepole. Akaipangusa mikono yake.

"Nikifa," akasema, "musihangaike kumpigia simu. Mpelekeeni sahani tupu. Keshajua maana yake."

Kaka alicheka, akadhani ni mzaha. Nilimwambia atoke nyumbani mwetu, na safari hii sikujali nani anasikia. Akatoka, na bado anasubiri nimwombe radhi.

Tini zilikwisha zamani. Sahani iko jikoni, karibu na friji, na mimi siwezi kuiona ikiwa tupu. Nimeshaitia ndimu, tende, vitunguu, na jana, nilipokosa kitu, nikaitia funguo za gari.